Jinsi ya Kula Kihamba cha Marehemu Bila Kuchafua Mdomo

Pole sana kwa msiba wa mdogo wako. Nilikuona siku ya mazishi, umesimama chini ya migomba na koti lako la harusi, nikaona na jambo ambalo wengine hawakuliona. Mchungaji alipotupa udongo wa kwanza, macho yako yalimruka begani, yakafuata mfereji hadi chini, yakapanda na mpaka wa upande wa pili, yakarudi na hesabu kamili: migomba, mibuni, zizi la ng'ombe wawili, nyumba ya tofali yenye bati jipya. Usione haya. Mlima Kilimanjaro hauongezeki, wanaoongezeka ni watu, na kihamba, shamba hili la ukoo la migomba na mibuni, hakiuzwi dukani pale Mbuyuni.

Kuna kikwazo kimoja tu, nacho kimevaa kanga nyeusi kimekaa sebuleni kwenye godoro. Ni shemeji yako. Sikiliza, nikuonyeshe njia. Wenzako wengi wameipita na leo wanaitwa wazee wa busara.

Hatua ya kwanza: lia

Lia kuliko mjane. Shikiliwa na watu wawili. Anayelia sana msibani hakuna anayemshuku, na hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi ukiingia chumbani kwa marehemu "kutafuta kitambaa".

Hatua ya pili: hicho kitambaa

Kiko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vitabu vya benki, stakabadhi za kahawa, kadi ya uanachama wa chama cha msingi na ile karatasi ya mauziano ya shamba la tambarare, kule chini kwenye mahindi. Beba vyote. Ukiulizwa, sema unavihifadhi visipotee, maana nyumba imejaa wageni. Ni kweli imejaa wageni, na wengi wao umewaita wewe.

Kadi ya chama usiidharau. Mibuni ilipaliliwa na shemeji, kahawa ilichumwa na shemeji, ikamenywa kwenye mashine ya mkono na shemeji na wanawe, ikaanikwa na shemeji. Jina kwenye kadi ni la mdogo wako. Malipo ya pili yakija, yataita jina, hayataita mikono. Na hapa jifunze neno moja litakalokufaa mpaka mwisho wa safari hii: kusaidia. Mwanamke akipalilia kahawa miaka ishirini, alikuwa anasaidia. Mwanaume akilibeba gunia hilo hilo hadi ghalani mara moja kwa msimu, huyo ni mkulima.

Hatua ya tatu: chagua sheria kabla haijakuchagua

Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu wanadhani Tanzania ina sheria moja ya mirathi. Ina duka zima, lenye rafu tatu.

Rafu ya kwanza ni sheria ya Kiislamu. Mjane mwenye watoto ana thumni yake, asiye na watoto ana robo, na kabla hujakohoa sheikh amekwisha kupiga hesabu. Kama mdogo wako alikuwa Mwislamu, kunja mwongozo huu uende ukanywe chai.

Rafu ya pili ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, India. Waingereza walikuja nayo, wakaondoka, wakaisahau ukutani kama koti la mgeni. Hiyo humpa mjane mwenye watoto theluthi moja. Usiisogelee hata kwa fimbo.

Rafu ya tatu ndiyo yetu: mila. Mwaka 1963 Serikali iliandika mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka huo imo kanuni tamu ajabu. Kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Isome polepole, kama unavyoonja mbege yetu ya ndizi, ile ya kwanza ya Desemba. Hujamnyima kitu! Umempa watoto wake mwenyewe.

Usidhani ujanja huu ni wa mgombani peke yake. Kule Uingereza zamani mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mumewe, aitumie mpaka afe. Mkataba wao mkuu wa 1215, ule ambao mfalme alibanwa na makabaila aukubali, ulimpa hata siku arobaini za kukaa nyumbani kwa marehemu wakati fungu lake linatengwa. Basi wanasheria wa matajiri wakakaa karne na karne wakibuni hati za kuiandika ardhi kwa namna ambayo ile theluthi isiishike, hadi mwaka 1833 Bunge likawapunguzia taabu: mume akaruhusiwa kuifuta kwa maandishi tu. Kalamu moja! Sisi huku tunahitaji kikao cha ukoo mzima, mbuzi, na ndoo tatu za mbege. Na Shakespeare, wanayemsifu dunia nzima, katika wosia wake wa 1616 alimtaja mkewe kwa kitanda, tena kile cha pili kwa ubora. Wasomi wanabishana mpaka leo alikuwa na maana gani. Wewe usibishane nao, chukua funzo: kochi zuri libebe, lile la pili mwachie, tena mbele ya mashahidi.

Sasa, hakimu hutazama marehemu aliishi vipi ndipo ajue ashike rafu ipi. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilimtazama marehemu mmoja Mngoni, aliyeoa Mchagga na kuishi kwa mtindo wa mjini mbali na watu wake, ikaona huyu mila alikwisha kuziacha, ikatumia ile ya India. Ona hatari hiyo. Kwa hiyo anza leo kutengeneza maisha ya marehemu. Tafuta picha ya Krismasi akiwa ameshika kata ya mbege. Ile ya harusi kanisani, ya suti na keki ya ghorofa tatu, ipotee. Mbele ya hakimu sema hivi: Jumapili alikuwa Mlutheri, lakini siku sita zilizobaki alikuwa Mchagga.

Hatua ya nne: kumbuka nusu

Hii ndiyo hatua kubwa, weka kalamu chini unisikilize. Mila usiikumbuke yote. Mila nzima ni mzigo, nusu yake ndiyo mali.

Ukiikumbuka yote, itakuumiza. Wazee wetu walikuwa na utaratibu: kaka wa marehemu akishika nafasi yake, ameshika na midomo ya kulisha. Alinde kihamba cha marehemu kwa ajili ya watoto wa marehemu mpaka wakue. Mama hatoki kwenye nyumba yake, maana nyumba hiyo ni ya kitinda mimba, na kitinda mimba kazi yake ni kumtunza mama humo humo. Mvulana wa kwanza anaonyeshwa mahali pake akioa, wa mwisho anabaki na mama, wa katikati ndio waliojaza Kariakoo. Katika hesabu hiyo baba mkubwa ni mlinzi. Na mlinzi, kwa bahati mbaya, asubuhi hukabidhi geti.

Kuna watu waliyaandika haya, na kwa biashara yetu ni hasara tupu. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa Leipzig aliyekaa Old Moshi miaka mingi, alikusanya sheria za Wachagga kwenye kitabu kinene kilichotoka 1926. Bahati nzuri ni cha Kijerumani na hakuna wa ukoo wako atakayekifungua. Hatari zaidi ni yule mama wa Kimarekani, Sally Falk Moore, mwanasheria na mwanaanthropolojia, aliyepanda mlimani akafukua majalada ya mahakama na mabishano ya koo. Kitabu chake cha 1986 kinafuata mila za Kilimanjaro kuanzia 1880 hadi 1980 na kinaonyesha kwamba kile tunachokiita mila kimekuwa kikibadilika mwili kila wakati huku kikibaki na jina lile lile.

Na sababu unaijua, maana imekusomesha. Zamani kijana aliyekosa mahali alimwendea mangi, chifu wetu, akaonyeshwa pori la kufyeka. Halafu wamisionari wa Kilema wakapanda kahawa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa ushirika wa kahawa, na mbuni ukageuka mti wa fedha usiong'olewa. Mgomba ulikuwa chakula, na chakula ni mambo ya mama. Mbuni ulikuwa fedha, na fedha ikaanza kutafuta baba. Watu wakaongezeka, pori la kufyeka likaisha, na ghafla kila mwenye kaka aliyekufa akaanza kukumbuka mila kwa bidii ambayo babu yake hakuwa nayo.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo utamu ulipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kukaa anapotaka, na kuolewa na amtakaye au kutoolewa kabisa, mila iseme isemavyo. Wenzako wengi waliisoma wakanuna. Wajinga. Hiyo ni zawadi! Simama kikaoni, kohoa, useme kwa huzuni: "Ningependa kumrithi mke wa ndugu yangu na kubeba mzigo wote kama wazee wetu, lakini Serikali imekataza. Mimi ni raia mwema. Basi nitarithi ardhi tu."

Mzigo umebaki kwenye sheria, mali imebaki kwenye mila. Nani alisema mambo hayo mawili hayapatani?

Hatua ya tano: kikao

Kikao cha ukoo kiitishwe siku ya kuanua matanga, wakati watu wamechoka na mabasi ya Dar yanasubiriwa. Mjane apewe heshima ya kupika. Mtu anayepakua mtori jikoni hasikii kinachosomwa sebuleni, na huwezi kusema hakuwepo, mtori wake si umeunywa?

Chukua karatasi moja. Iite ya mahudhurio, uipitishe mapema, ikiwa tupu juu na mistari ya sahihi chini. Nimewahi kuona inavyofanyika, kazi safi kabisa. Mama anatoka jikoni, mkono una unga, anaufuta kwenye kanga.

"Weka sahihi hapa, shemeji."

"Ni ya nini, baba mkubwa?"

"Mahudhurio tu, mama. Tujue nani alitufariji."

Anaweka. Herufi zake zinapinda kidogo kwa sababu meza ni goti lako. Usiku, wageni wakishalala, unaandika juu ya sahihi hizo yote mliyokubaliana kwa kauli moja: kwamba wewe ndiye umependekezwa kusimamia mirathi, na mjane ameridhika kutunzwa na watoto wake. Wa kwanza yuko darasa la tano.

Usisahau ile sentensi ya kufungia, maana bila hiyo kikao hakijakamilika: "Sisi hatujaja kumfukuza mtu." Isemwe na shangazi ikiwezekana. Ikitoka kwa mwanamke inakuwa laini.

Hatua ya sita: Mahakama ya Mwanzo

Peleka muhtasari, cheti cha kifo, na tai. Hakimu atakwambia kwa sauti ya taratibu kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi. Itikia kwa kichwa, tena mara mbili. Atakwambia pia ndani ya miezi minne urudishe fomu yenye orodha ya mali na madeni yote ya marehemu. Itikia tena. Halafu usirudi. Mahakama haina miguu ya kupanda mpaka kwenu, na barabara ya kwenu mvua ikinyesha unaijua. Kila shemeji akiuliza, mwambie faili liko kwa hakimu. Ukiwa na moyo mwepesi mwambie limekwenda Moshi mjini. Nauli ya kulifuata ni yake.

Wengine huniuliza: je, akisema alichuma mali pamoja na marehemu? Atasema. Kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini tulia, ile ilikuwa talaka. Na hapa, kati yetu, kuna kichekesho ambacho kila nikikifikiria nacheka peke yangu kwenye daladala: mwanamke aliyegombana na mumewe akadai talaka anapangiwa mgawanyo wa mali kwa kifungu cha sheria, lakini aliyevumilia, akamuuguza, akamfumba macho, ndiye tunamwambia fungu lake ni watoto. Shemeji angemwacha ndugu yako mwaka juzi, leo ungekuwa na kazi ngumu zaidi. Mshukuru kwa uaminifu wake.

Hatua ya saba: mpaka

Wakati faili linapumzika, fanya kazi kidogo kidogo. Mpaka wetu hauna nguzo za zege, una masale. Sale ni mmea mpole: unakata shina, unalichomeka, linashika. Nenda usiku wa mvua. Hatua tatu tu kwa msimu, na fuata mfereji ili mstari uonekane wa asili. Ng'oa ya zamani na mizizi yake, usiache shimo. Nimemwona mzee mmoja aliyeacha mashimo. Asubuhi kuku wa shemeji wake walikuwa wamekaa humo mmoja mmoja kwa mstari, wanaoga vumbi, na kijiji kizima kinatazama mpaka wa zamani ukichorwa na kuku.

Yanayoweza kukukwamisha

Machache, nayataja haraka ili usikose usingizi.

Yuko Jaji Mwalusanya. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, alisema mila iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake inapingana na Katiba. Ukisikia jina hilo likitajwa mahakamani, anza kutafuta kofia yako.

Iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Yoyote! Kifungu kifupi, kibaya, na wasaidizi wa kisheria wanatembea nacho mfukoni wakienda vijijini.

Lakini muda uko upande wako. Wajane wawili wa Shinyanga walizishitaki kanuni zile za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikaangukia kwenye kasoro za makaratasi. Wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Ndizi zimeiva mara ngapi hapo katikati, na nani alizikata?

Hatari kubwa hasa haiko mahakamani. Iko shuleni. Yule wa darasa la tano hatakaa darasa la tano. Na kitinda mimba, ambaye siku ya mazishi alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, siku moja ya Desemba atashuka kwenye gari pale njia panda, mrefu kama baba yake, ameshika begi la kompyuta, na atauliza swali la kitoto sana: "Baba mkubwa, ile fomu ya miezi minne iko wapi?"

Ukishikwa

Usikimbie. Ukoo wetu una dawa kwa mtu mkubwa aliyeshikwa. Chukua jani la sale, letu la kuombea radhi, nenda nalo asubuhi na mapema, kabla hawajakunywa chai. Simama uani, lishike kwa mikono miwili, inama. Usieleze kitu. Mchagga akiletewa sale hawezi kulikataa kirahisi, hata akiwa na hasira ya miaka kumi na mitano. Wazee wakisikia amekataa sale, kosa linahama linakwenda kwake. Shemeji atalia, utalia, na ile kazi ya hatua ya kwanza utaona inakufaa tena. Mbuzi atachinjwa. Kwa kawaida ni wa kwake.

Jambo moja tu, na usilipuuze. Jani hilo kalichume mbali, hata kwa jirani wa pili. Usilichume pale mpakani. Masale ya babu yako yana mashina manene kama mguu wa mtoto, na yale uliyoyachomeka wewe bado ni membamba kama kidole. Mama yule amepalilia hapo miaka ishirini. Akilitazama tu jani, atajua limetoka kwenye mstari upi.